Kutunga wimbo mpya kwa mtindo wa jazz ya New Orleans ya miaka ya 1920: anza na kazi za vyombo

Mleta uzi ana bendi ya watu saba: tarumbeta, klarineti, tromboni, banjo, piano, besi na drams. Ametunga wimbo wake mwenyewe, kodi (chords) ni za kizamani kabisa, lakini ukipigwa unasikika kama jazz ya ukumbi wa hoteli. Anauliza abadilishe kodi zipi, na anahofia kuonekana anaiga.

Mkuu, usibadilishe kodi hata moja kwanza. Mtindo ule umekaa kwenye mgawanyo wa kazi kati ya vyombo. Aliyezoea muziki wa dansi ataelewa haraka: solo, ridhimu na besi kila gitaa lina njia yake, na zikigongana wimbo unakufa hata ukiwa na melodi tamu. (Usichukue mfano wa mapigo kutoka Western Jazz au Morogoro Jazz, lakini. Majina yana neno jazz, muziki wenyewe ni dansi.)

Anza na wanaoshika mwendo. Besi ipige pigo la 1 na la 3 tu. Ikitembea mapigo yote manne muda wote, umeshahamia miaka ya 1930. Banjo ndiyo inapiga yote manne, sawasawa, kavu, bila kuacha kodi ilie. Piano mkono wa kushoto: noti ya chini kwenye 1 na 3, kodi kwenye 2 na 4. Mpiga piano wa siku hizi atataka kudokeza kodi hapa na pale nje ya pigo; mkatalie, hiyo ni tabia ya bebop, jazz ya miaka ya 1940. Mpiga drams aache kabisa ile simbali ya kulia mfululizo. Abaki kwenye snea na kibao cha mbao, simbali aigonge na kuikamata kwa mkono hapo hapo. Wapige hao wanne peke yao baa 16 (baa moja ni mapigo manne), rekodi kwa simu. Kama miaka ya 1920 haisikiki bado, vyombo vya kupuliza havitaiokoa.

Sasa wapulizaji watatu, na hapa ndipo wengi wanaharibu. Tarumbeta inabeba melodi, sauti za katikati, bila mapambo mengi. Iandike kati ya D iliyo juu ya C ya kati na F inayofuata oktavu ya juu yake. Klarineti inakaa juu ya tarumbeta, inakimbia kwa noti fupi kupitia sauti za kodi. Ikishuka kwenye eneo la tarumbeta, zote mbili zinapotea. Tromboni inakaa chini na inasema pale tarumbeta inaponyamaza au kushikilia noti ndefu, kisha inateleza kuingia kwenye noti ya msingi ya kodi inayofuata. Kosa kubwa ni kuwaandikia wote watatu mdundo mmoja kwa sauti tatu, kama kwaya. Inapendeza, ila hiyo ni sauti ya bendi kubwa za swing, jazz ya dansi ya miaka ya 1930. Usisahau tarumbeta na klarineti za Bb (B-flat) zinaandikiwa toni moja juu: sehemu ya Bb wataisoma C, ya Eb wataisoma F.

Kodi za kuanzia, baa 16 kwenye Bb (dim ni diminished, Bb/F ni kodi ya Bb yenye F kwenye besi):

Bb | Bb | F7 | F7 | F7 | F7 | Bb | Bb
Bb | Bb7 | Eb | E dim | Bb/F G7 | C7 F7 | Bb | Bb

Hakuna maj7, hakuna 9 wala 11, hizo sauti za kuongezea kwenye kodi ni za jazz ya baadaye. Ukitaka rangi, ongeza sauti ya sita kwenye Bb. Ile E dim ya baa ya 12 usiiguse: besi inapanda Eb, E, F, na hapo ndipo wimbo unapata msukumo wa kumalizia.

Kuhusu umbo, sikiliza Black Bottom Stomp ya Jelly Roll Morton, mpiga piano na mtunzi wa New Orleans, na bendi yake Red Hot Peppers, iliyorekodiwa Chicago, Septemba 1926. Utangulizi baa 8, sehemu ya kwanza ya baa 16 mara tatu kwenye Bb, daraja la baa 4, kisha sehemu ya pili ya baa 20 kwenye Eb mara saba. Hizo saba hazifanani: klarineti inapewa mzunguko wake, piano inabaki peke yake, tarumbeta inapiga huku wengine wakigonga na kunyamaza, banjo nayo inapata zamu, na bendi nzima inafungua nguvu zote mwishoni tu. Yote hayo ndani ya dakika tatu na kidogo, kwa sababu sahani haikubeba zaidi. Kwa hiyo solo ni mzunguko mmoja kwa mtu. Ukiwapa mitatu mitatu, wimbo unalegea hata wakipiga vizuri.

Weka pia mapumziko ya baa mbili: bendi yote inanyamaza, mmoja anajaza. Kwenye kodi za hapo juu, mahali pake ni baa ya 7 na 8. Morton aliyapigania sana alipohojiwa na Alan Lomax, mkusanyaji wa muziki wa asili, mwaka 1938. Kwake, bila mapumziko safi hakuna jazz. Mwendo usichechemee humo, wote wahesabu kimoyomoyo na wagonge pamoja baa ya 9.

Hofu yako ya kuiga: chukua umbo na kazi za vyombo, melodi iwe yako. Mpiga besi Charles Mingus alifanya hivyo mwaka 1959 kwenye wimbo wake Jelly Roll, na hakuna anayemchanganya na Morton. Ila usiazime baa mbili za melodi ya mtu ukidhani hazitajulikana, wasikilizaji wa muziki huu wana masikio makali.

Tupia hapa mstari wa tromboni wa baa ya 9 hadi 16. Kwa maelezo yako, nahisi imeandikwa chini ya tarumbeta noti kwa noti.