Datsun ya marehemu baba huwaka siku ipendayo

SWALI

Fundi, shikamoo. Mimi ni mkaazi wa Nyali, Mombasa, na marehemu baba yangu aliniachia gari aina ya Datsun 240Z la mwaka 1972, lenye gia za mkono. Kwa macho gari ni zima, lakini kuwaka kwake hakutabiriki. Kuna asubuhi ninapozungusha ufunguo nikasikia tak moja tu, kisha kimya, ilhali taa za mbele zinang'aa na hazififii hata kidogo. Nikijaribu mara ya tatu au ya nne, injini huzunguka kwa nguvu na kushika papo hapo. Tena kuna siku nyingine, hasa nikienda sokoni Kongowea na kuliegesha juani kwa dakika 20 hivi, ambapo starta huzungusha injini vizuri kabisa lakini injini haishiki mpaka ipite nusu saa. Fundi wa kwanza alisema ni betri, nikanunua mpya. Wa pili akasema ni starta, ikafunguliwa na kusukwa upya. Tatizo liko palepale. Je, gari limezeeka niliuze, au niweke mfumo wa kielektroniki wa kutoa cheche za injini?

Binti wa Nyali

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzazi.

Kwanza ondoa shaka kwamba uzee ndio ugonjwa. Gari la aina hiyohiyo ndilo lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na likashinda tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, kwa hiyo injini hiyo ya silinda 6 si ya kulegea kwa safari ya Kongowea na kurudi. Kinachochakaa mapema hapa kwetu pwani ni viungo vya umeme. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi ikikutana na unyevu juu ya shaba huota ule unga wa kijani ambao bila shaka umewahi kuuona kwenye vichwa vya betri.

Barua yako imenisaidia sana kwa sababu umetenga siku ambayo injini haizunguki na siku ambayo inazunguka lakini haishiki. Hayo ni magonjwa mawili, na naona mafundi wako wameyatibu kama moja, tena kwa kubahatisha.

Tuanze na hiyo tak ya asubuhi. Unapozungusha ufunguo, mkondo mdogo wa umeme huenda kwenye solenoidi, lile kopo dogo lililobebwa mgongoni mwa starta, na chuma kilicho ndani yake huvutwa. Huo ndio mlio unaousikia. Chuma hicho kikifika mwisho hufungua njia ya mkondo mkubwa, unaoweza kuzidi ampea 100, ambao ndio unaozungusha injini. Taa zako za mbele, zote mbili pamoja, hula takriban ampea 10 tu, kwa hiyo kung'aa kwake hakuthibitishi kwamba njia ya starta ni nzima. Kama zingefifia sana wakati wa ile tak, ningesema betri imechoka au vibano vyake vimelegea. Lakini zikibaki ziking'aa, kama unavyoeleza, basi mkondo mkubwa haupiti kabisa: ama shaba za ndani ya solenoidi zimeungua, ama brashi za starta hazigusi, ama injini haina njia nzuri ya kurudishia umeme kwenye betri. Kwa kuwa starta imesukwa upya juzi, mimi ningeanza na hilo la mwisho, yaani waya wa athi.

Injini hukalia mipira, na mpira haupitishi umeme. Ndiyo sababu lazima pawe na waya mnene unaoiunganisha injini na upande wa hasi wa betri, ama moja kwa moja ama kupitia bodi. Waya huo haupigwi macho na mtu, kwa kuwa umejificha chini, na mafuta na vumbi huufunika mpaka ukadhani ni sehemu ya chuma. Miaka iliyopita katika karakana yangu nilibadilisha starta ya gari la mteja mara mbili kwa tatizo kama lako. Siku moja, wakati msaidizi wangu akipiga starta, nikagusa kwa bahati waya wa choki, ule unaovutwa injini ikiwa baridi, nao ulikuwa wa moto kama kikombe cha kahawa tungu kilichomiminwa sasa hivi. Umeme uliokosa njia yake ulikuwa unapita kwenye kijiwaya kile chembamba. Nilipoufungua mwisho wa athi nikakuta chini ya bolti pamepakwa rangi, na juu ya rangi pameganda chumvi. Nilimrudishia mteja fedha za starta ya pili, na tangu siku hiyo sifungui starta ya mtu kabla sijapima athi.

Kipimo chenyewe unaweza kukifanya mwenyewe ukiwa na mita ya umeme na mtu mmoja wa kukusaidia. Chomoa waya mnene wa katikati unaotoka kwenye koili, kile kifaa kinachozalisha umeme wa cheche, ili injini isishike, uubane vizuri kwenye chuma cha injini mbali na kabureta inayochanganya petroli na hewa, weka gia huru na uvute breki ya mkono. Ncha ya waya mmoja wa mita iweke juu ya nguzo yenyewe ya hasi ya betri, si juu ya kibano chake, na wa pili uweke kwenye chuma kitupu cha injini. Msaidizi apige starta huku wewe ukisoma. Isizidi volti 0.2. Ukisoma volti 1 au zaidi, umempata mwizi. Kisha pima vivyo hivyo kutoka nguzo ya chanya mpaka bolti kubwa ya starta, ambako isizidi volti 0.5. Betri nayo, ambayo ikijaa na kutulia husoma takriban volti 12.6, isishuke chini ya 9.6 starta inapozunguka. Fanya kipimo hiki asubuhi ile gari linapokataa, kwa sababu likiwa linawaka vizuri mita itakuambia kila kitu ni salama, na itakuwa inasema kweli. Athi ikiwa mbovu, ifungue, upige msasa mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi juu ili chumvi isirudi. Waya uliokuwa mweusi ndani ya ganda lake utupe, usiusafishe.

Ikitokea siku umezungusha ufunguo na hata ile tak hukuisikia, hapo mtuhumu swichi ya ufunguo au kile kiwaya chembamba cha solenoidi.

Sasa tuje Kongowea. Katika injini yako kabureta na ekzosi ziko upande mmoja, na kabureta ziko juu. Ukizima gari lililokuwa limetembea, feni inasimama na maji hayazunguki tena, lakini joto la ekzosi linaendelea kupanda moja kwa moja kwenye kabureta. Petroli haihitaji joto kubwa. Sehemu zake nyepesi huanza kuchemka kabla ya nyuzi 50 za Selsiasi, na chini ya boneti lililofungwa katika jua la Mombasa nyuzi hizo hupitwa upesi. Petroli ikichemka, injini hukosa kipimo chake sahihi cha mafuta na haishiki. Baada ya nusu saa kila kitu kimepoa, injini inashika, na fundi uliyemwita haoni kosa lolote.

Hata hivyo usiniamini kabla ya kutazama. Siku litakapokataa, chomeka plagi ya akiba kwenye waya mmoja wa plagi, ulaze mwili wake juu ya chuma cha injini mbali na harufu ya petroli, usiishike kwa mkono, na mwenzako apige starta. Cheche ikiwa ya buluu na yenye nguvu, kosa ni petroli. Hapo fungua plagi moja ya injini: ikiwa imelowa, petroli imefurika, nawe kanyaga mafuta mpaka chini na ushikilie hapo ukipiga starta. Ikiwa kavu, petroli imegeuka mvuke njiani. Funika pampu na bomba lake kwa kitambaa cha maji baridi, usubiri dakika chache, ujaribu tena. Halafu angalia kama lile bati la kuzuia joto kati ya kabureta na ekzosi bado lipo, maana mafundi wengi hulitoa wasilirudishe.

Cheche ikiwa dhaifu ya manjano, au haipo, tafuta koili, au kondensa (kile kikopo kidogo cha mfumo wa cheche), inayochoka kwa joto. Na ukiona injini inashika wakati starta inazunguka kisha inazima mara tu unapoachia ufunguo, hiyo ni rezista ya koili, yaani kipunguza umeme chake, ambayo hupitwa pembeni wakati wa kupiga starta.

Kwa hiyo mfumo wa kielektroniki usiununue sasa. Ni kifaa kizuri, nami nimeshawafungia wengi, lakini hautaponya athi wala hautapoza petroli, na ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja hutajua kipi kilichokusaidia. Kuuza nako sioni sababu, maana waya mpya wa athi na bati la ekzosi ni gharama ndogo kuliko starta uliyokwisha kuilipia. Weka daftari ndani ya gari, uandike kila linapokataa: saa ngapi, limepoa au lina moto, tak imesikika au la. Ukishapata kipimo cha athi na rangi ya cheche, niandikie tena, na usisahau kunieleza kama plagi zilikuwa kavu au zimelowa.