Kutunza visiki hai kwa kujitolea: je, kunahesabika kuwa uzoefu?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nina shahada ya mazingira na bado sijaajiriwa. Kwa misimu miwili ninajitolea katika kijiji kimoja wilayani Chamwino, nikiwasaidia wakulima kutunza visiki hai, yaani visiki vya miti iliyokatwa ambavyo bado vinachipua, na kazi hii ninaipenda kwa dhati. Nifanyeje ili ihesabike kuwa uzoefu wa kitaalamu?

Jibu: Marahaba. Wengi huniuliza watapata wapi barua ya kujitolea, ilhali barua huthibitisha tu kwamba ulikuwepo, haionyeshi ni miti mingapi imesimama kwa sababu ya kazi yako. Kwa hiyo anza kupima.

Omba ridhaa ya wakulima wanne, kisha katika kila shamba pima kipande cha mita 20 kwa 20 na ukiwekee vigingi, ili kipande kilekile kipimwe kila mwaka. Hesabu visiki vyote vilivyo hai, andika jina la kila mti kwa Kigogo na la kisayansi (wazee watakufundisha ya Kigogo, na papo hapo utajua mti upi wanautaka kwa kivuli, upi kwa dawa na upi kwa kuni), kisha andika idadi ya machipukizi yaliyoachwa baada ya kupogolea na urefu wa lililo refu zaidi. Rudia mvua zinapokwisha. Mkulima mmoja akikubali, kipande chake kisipogolewe, maana bila cha kulinganishia hutaweza kusema kwamba nafuu imetokana na matunzo wala si na mvua nzuri.

Baada ya mavuno mifugo huachiwa mashambani, na machipukizi mengi huliwa. Hayo nayo yaandike, kisha ukae na wafugaji kabla ya kuandika pendekezo lolote. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanza mwaka 1973, uliondoa mifugo katika eneo lililomomonyoka la Kondoa mwaka 1979. Uoto ulirudi, lakini mzigo waliubeba wenye mifugo. Anayeweza kulinda machipukizi kwa makubaliano ya kijiji ana ujuzi ambao mimi, nikiwa msaili, ningeutafuta kabla ya cheti.

Ripoti ya kurasa mbili isomwe kwanza kwenye mkutano wa kijiji, ndipo nakala iende kwa afisa misitu wa wilaya. Katika maombi ya kazi usiandike tu kwamba ulijitolea. Taja vipande, misimu na matokeo. Vipimo vya kwanza vifanyike Novemba, kabla mvua za Desemba hazijaotesha majani yakaficha visiki.