Kiungo Utamjua Siku Hayupo

Walukuba, Jinja

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa simu nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimevaa miwani, na nimeona heri nikujibu kwa kalamu, kwa sababu jambo lenyewe haliwezi kuenea kwenye kioo kidogo. Unasema kwamba kazini kwenu huko Mbarara mmebishana tangu Jumapili bila kuafikiana: mmoja anamtaja Patrick Vieira, mwingine Cesc Fàbregas, na yule kijana ambaye mwaka 2004 alikuwa bado ananyonya anashikilia kwamba hajatokea mwingine kama Declan Rice. Ndipo ukaniuliza mimi, kwa kuwa niliwaonyesha watu mechi kibandani kwa miaka tisa, ni nani kiungo bora kuliko wote niliowaona Arsenal.

Swali la nani bora huwa halinisumbui sana, mwanangu. Linalonisumbua ni nani tulimkosa, na tulimkosa lini. Nilikuambia hivyo ulipokuwa mdogo na sijabadilika: kiungo utamjua siku hayupo. Mfungaji unamwona kwa macho, golikipa unamwona akiruka, lakini kiungo wa kweli anafanya kazi ambayo huioni mpaka siku ile isipofanyika.

Mfano wangu unaujua. Gilberto Silva alikuja Arsenal mwaka 2002 kutoka Atlético Mineiro, akiwa ametoka kuchukua Kombe la Dunia na Brazili, na pale kibandani hakuna aliyempigia makofi. Watu walilipa shilingi 500 wamtazame mfungaji Thierry Henry. Mimi, kwa sababu nilikaa mlangoni nikikusanya pesa, niliutazama uwanja kwa pembeni, na labda ndiyo sababu nilimwona. Beki wa kushoto Ashley Cole alipopanda mbele, Gilberto alisogea kushoto hatua nne au tano, akasimama pale pale Cole alipopaacha. Mpira ukimfikia aligusa mara mbili tu, mara ya kwanza kuutuliza na ya pili kumpa Vieira au Robert Pires, kisha akarudi mahali pake mbele ya mabeki wawili wa kati. Alifanya hivyo dakika tisini, Jumamosi hadi Jumamosi. Msimu wa 2003/04 Arsenal walicheza mechi 38 za ligi, wakashinda 26, wakatoka sare 12, wasipoteze hata moja, na Gilberto alicheza 32 kati ya hizo. Waulize wenzako wanataja majina mangapi ya kikosi kile kabla hawajafika kwake.

Kisha Septemba 2004 akavunjika mfupa wa mgongo, akakaa nje karibu msimu mzima. Tarehe 24 Oktoba tulikwenda Old Trafford kwa Manchester United tukiwa na mechi 49 za ligi bila kufungwa, katikati wakisimama Vieira na Edu, na tukafungwa mbili bila. Wapo wanaosema kwamba ilikuwa ile penalti waliyopewa Manchester, na mimi mwenyewe niliilaani penalti ile kwa juma zima. Lakini kabla ya penalti, wewe uliyekuwepo unakumbuka jinsi nilivyokuwa nikisema kwamba mbele ya beki wetu Sol Campbell pana shimo. Nilisema hivyo tangu kipindi cha kwanza. Kiungo utamjua siku hayupo.

Hapo ningeweza kukunja karatasi na kukwambia kwamba jibu ni Gilberto. Siwezi, kwa sababu ya Paris.

Ulikuwa na miaka 11, ukikaa kwenye benchi la mbele kabisa. Tarehe 17 Mei 2006, siku ya fainali ya Ligi ya Mabingwa kule Paris dhidi ya Barcelona, ilikuwa Jumatano, na mwaka ule maji ya Ziwa Nyanza yalikuwa yameshuka, umeme ukawa wa mgao, hata sisi tunaoishi karibu na bwawa la umeme tukawa tunalala gizani usiku mmoja na kupata taa usiku unaofuata. Usiku wa fainali ulikuwa wetu wa giza. Jenereta ilikuwa kazi ya baba yako, Mungu amrehemu. Unakumbuka kwamba hakukaa ndani hata siku moja. Alikaa nje juu ya jerikeni, sikio lake kwenye injini, na matokeo aliyauliza kupitia tundu la msumari kwenye bati. Kabla ya kila mechi aliyachuja mafuta kwa kitambaa alichokikunja mara mbili. Juma lile alikuwa Tororo kwa matanga ya baba yako mkubwa. Alinielekeza kila kitu kabla ya kuondoka, na kitambaa alinionyesha mahali kilipo, lakini watu walianza kupanga mstari tangu saa moja, nikawa nahesabu chenji, na mafuta nikayamimina kama yalivyotoka kituoni.

Dakika ya 18 golikipa wetu Jens Lehmann alimwangusha Samuel Eto'o wa Barcelona, akapewa kadi nyekundu. Ili Manuel Almunia aingie golini, ilibidi mmoja wa ndani atoke, na kocha Arsène Wenger akamtoa Pires. Namwona hata sasa akiutazama ule ubao wa namba, akaitazama tena ile 7, kisha akaanza kutembea. Ile ndiyo ilikuwa mechi yake ya mwisho ya Arsenal. Kibandani hakuna aliyelalamika. Watu walisema afadhali atoke yeye, kwa sababu Pires haendi kukaba. Dakika ya 37 Henry alipiga mpira wa adhabu, Campbell akaufunga kwa kichwa, na mabati yalipigwa hadi nikadhani paa linaondoka. Tulikuwa kumi dhidi ya kumi na mmoja wa Barcelona, wakiwa na Ronaldinho na Deco, na tuliongoza. Gilberto alikuwa kila mahali. Nilijiambia kwamba leo dunia nzima itamwona mtu wangu. Henrik Larsson wa Barcelona alipoingia baada ya saa moja ya mchezo, wengi wetu hatukumjali.

Ilipofika kama dakika ya 70, picha ilijikunja katikati ya kioo, jenereta ikakohoa mara mbili, ikazima.

Wewe ulikimbia na tochi. Mimi nilivuta ile kamba mpaka ngozi ya kiganja ikachubuka, nikifungua mafuta, nikifunga, nikivuta tena, na nyuma yangu watu zaidi ya mia moja katika giza wakinitaja jina. Iliwaka baada ya kama robo saa, ikiunguruma vibaya, na king'amuzi nacho kikachukua muda wake kutafuta picha. Picha iliporudi, pembeni juu paliandikwa mbili kwa moja, na kwa muda mfupi wa huruma baadhi yetu tuliamini kwamba mbili ni zetu. Eto'o alikuwa amefunga dakika ya 76, Juliano Belletti dakika ya 81, na mabao yote mawili mpira wa mwisho ulitoka kwa Larsson. Sikuona hata moja. Niliwarudishia watu shilingi zao mia tano tano hadi mkebe ukabaki mtupu, isipokuwa mzee mmoja wa Masese aliyenifumba mkono juu ya pesa yake na kuondoka bila neno. Fedha zile zilikuwa karo yako ya muhula, hilo unalijua, lakini si karo iliyoniuma.

Baba yako alirudi Ijumaa. Sikumweleza, alikuwa amekwisha kuambiwa njiani. Alitandaza gazeti pale barazani, akafungua kabureta, akainamisha ile bakuli yake ndogo juu ya kiganja changu kilichochubuka, na likaanguka chembe moja la uchafu, dogo kama punje ya ulezi. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Bao la pili walipitia upande gani?" Nikamjibu kwamba sijui, kwa sababu sikuona.

Tuliipata diski ya mechi ile miezi kadhaa baadaye, tukaitazama sisi wawili mchana, mlango umefungwa. Belletti alikuwa beki wa kulia wa Barcelona aliyetokea benchi. Alipanda pembeni kabisa, akapokea mpira kwa Larsson, akapiga kutoka mahali pembamba, mpira ukapita katikati ya miguu ya Almunia. Alipanda upande wetu wa kushoto, upande ambao Pires aliumiliki kwa misimu sita. Baba yako alirudisha picha nyuma mara tatu, kisha akasema, "Beki huyu, kama Pires angekuwepo, angepanda?" Nilimwambia kwamba Pires hakuwa na kawaida ya kukimbizana na mabeki, tena alikuwa na miaka 32, angekuwa amechoka. Akasema hakuuliza kama Pires angemkimbiza. Aliuliza kama beki mwenyewe angethubutu kupanda na kumwacha Pires nyuma ya mgongo wake. Nilinyamaza, na mpaka leo sijapata jibu.

Unaona nilivyobanwa? Kwa kanuni yangu mwenyewe, Gilberto alikuwepo Paris, dakika zote, na bado tulifungwa; aliyekosekana ni Pires. Na Pires si mtu wa kusahauliwa kirahisi. Msimu ule wa kutofungwa alifunga mabao 14 ya ligi akitokea pembeni, na mwaka 2002, alipokuwa ameumia goti na hawezi kucheza, wenzake walimwinamia alipoinua kombe la ligi. Wachezaji walijua. Ni sisi wa kwenye mabenchi tuliosema kwamba haendi kukaba, na mimi nilikuwa miongoni mwao. Kwa upande mwingine najiuliza kama ni haki kumpima Gilberto kwa usiku ule, akiwa amebaki na watu kumi, Vieira ameuzwa Juventus, Edu amekwenda Valencia, naye akizibia wote. Nikilala upande huu namwona Gilberto, nikigeuka namwona Pires.

Kuhusu Vieira, nitasema kwa heshima zote. Alikuwa nahodha, alikuwa na nguvu ya kuwatisha watu kabla mechi haijaanza, na tangu aondoke tulikaa miaka mingi bila ligi, hilo silikatai. Lakini msimu wa kwanza bila yeye tulifika fainali ya Ligi ya Mabingwa, na mwezi Machi 2006 alipokuja Highbury, uwanja wetu wa zamani, na Juventus tulimfunga mbili bila, na Fàbregas, mtoto wa miaka 18 aliyekalia nafasi yake, ndiye aliyefungua mlango. Huyo anayemtetea Fàbregas hapo kazini mpe mkono kwa ajili ya usiku ule. Rice nampenda sana. Ile mipira miwili ya adhabu aliyowafunga Real Madrid mwaka 2025 niliisimamia kwa miguu yangu, pamoja na magoti haya. Ila hatujamkosa muda mrefu, na mimi mtu ambaye hatujamkosa siwezi kumpima.

Jambo moja bado linanichoma, nalo nalisema ili niliondoe kifuani. Agosti 2006, kwenye uwanja mpya, dhidi ya Aston Villa, bao la kwanza la ligi la Arsenal lilifungwa na Gilberto. Msimu ule Henry alipoumia yeye ndiye aliyewaongoza, akafunga mabao kumi ya ligi, yeye ambaye kazi yake ilikuwa kuzuia. Msimu uliofuata unahodha akapewa mwingine na nafasi yake akapewa mwingine, na mwaka 2008 akaenda zake Ugiriki. Msimu huo tuliongoza ligi kwa muda mrefu, kisha tukateleza mwishoni. Mimi najua ninachokifikiri.

Waambie wenzako kwamba mama amesema si Vieira. Zaidi ya hapo usinibane kwa simu. Ukija Desemba tutaitoa ile diski, tuitazame kuanzia dakika ya 61 anapoingia Larsson, nawe uangalie upande wa kushoto tu, usifuate mpira, kisha uniambie kama yule beki angepanda. Umeme siku hizi upo, lakini jenereta bado iko stoo, na kitambaa cha baba yako kimefungwa kwenye mpini wake vile vile alivyokiacha.

Mama yako