Usivuke mpaka wa Kasumulu, mwanangu

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34, naishi Uyole, Mbeya. Mwaka wa tisa huu nipo kwenye ndoa na sijabahatika mtoto. Mimba mbili zilitoka, toka hapo kimya. Nina duka la vitenge Mwanjelwa, mume wangu ni fundi magari. Nimepata mtu Karonga, upande wa Malawi, anasema atanipatia mtoto mchanga yatima na karatasi zote kwa milioni tatu. Nimeshamtangulizia laki tano. Nataka nikae huko kwa rafiki yangu miezi minne, mitano, ndipo nirudi na mtoto. Mume wangu amekataa katakata, hajali uchungu wangu. Mama yake ndiye anamtia maneno. Wananisukumia mtoto wa marehemu wifi yangu, ana miaka sita, anaishi na bibi yake Tukuyu, baba yake hajulikani alipo. Mimi nataka mtoto wangu, sitaki mzigo wa ukoo wao. Juzi tulipotoka kanisani akina mama walimpongeza mume wangu, yeye akanuna, akaenda kulala kwa mama yake siku mbili bila sababu. Nifanyeje anielewe? – Mwenye majonzi, Uyole*

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Kupoteza mimba mbili, halafu kila msiba na kila harusi watu wanakutazama tumboni kabla ya kukusalimia, ni jambo la kumkata mtu maini. Uchungu wako ni wa kweli. Barua yako ndiyo haijanyooka.

Nimeirudia pale kwenye habari ya kanisani. Akina mama walimpongeza mume wako. Kwa lipi? Hukuandika. Nitaandika mimi: wameshaambiwa una mimba, na aliyewaambia ni wewe. Ndiyo sababu ya hiyo miezi minne, mitano ya kukaa Karonga. Anayekwenda kuasili mtoto hana haja ya kujificha. Unataka uondoke umevaa dera pana, urudi na kichanga mgongoni, Uyole nzima iamini umejifungua ugenini.

Sasa mfikirie mume wako siku ile. Amesimama nje ya kanisa, watu wanamshika mkono na kumpongeza kwa mtoto ambaye yeye anajua fika kwamba hayupo. Angeweza kusema pale pale, "Mke wangu hana mimba," ukakosa pa kuuweka uso. Hakusema. Alimeza, akaondoka, akaenda kutulia kwa mama yake. Halafu unaniandikia kwamba alinuna bila sababu! Mwanangu, yule bwana alikusitiri. Katika jambo hili niko upande wake na sitaondoka.

Njoo kwa huyo mtu wako wa Karonga. Sheria ya Malawi inamtaka anayeasili mtoto wa huko awe mkazi wa huko. Mwaka 2009 Madonna, mwanamuziki wa Marekani mwenye fedha na mawakili, aliomba mtoto wa pili Malawi, na Mahakama Kuu ikamkatalia kwa sababu hiyo hiyo ya ukaazi. Alikata rufaa, na ndipo Juni mwaka huo mahakama ya juu zaidi ikamkubalia. Maombi yake yalipimwa na majaji, dunia nzima inatazama. Wewe unaambiwa yanamalizwa na mtu mmoja kwa milioni tatu, na umeamini kwa sababu ulitaka kuamini.

Na si Malawi peke yake. Kenya ilisimamisha watoto wake kuasiliwa na wageni Novemba 2014. Ethiopia ilipiga marufuku mwaka 2018. Hapa kwetu, mgeni anayetaka kuasili mtoto wa Kitanzania anatakiwa awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo. Nchi hizi hazina uchoyo wa watoto. Zilichoka kusikia habari za watoto walioandikiwa uyatima na kuvushwa mpaka huku mama zao wakiwa hai.

Hapo ndipo nataka utulie, kwa sababu barua yako yote imejaa uchungu wako na haina hata neno moja kuhusu mwanamke aliyezaa hicho kichanga. Yatima wa kweli hakai anasubiri mteja. Mtoto mchanga mwenye bei ana mama mahali fulani, pengine binti wa shule aliyeambiwa mwanawe hakupona, pengine mjane aliyeahidiwa kwamba mtoto anapelekwa kusoma. Wewe unajua kutoka wodini mikono mitupu kulivyo. Utamfanyia mwenzako vile vile, kwa fedha, halafu umbebe mwanawe ukiimba haleluya?

Sheria inaliita jambo hilo kwa jina lake. Tangu 2008 tuna sheria ya kuzuia biashara haramu ya binadamu, na haimsamehi mtu kwa kuwa alikuwa na hamu ya mtoto. Pale Kasumulu uhamiaji wakikuuliza cheti cha huyo mtoto, utatoa kilichoandikwa na nani? Na ukipita salama, kila karatasi yake itakuwa ya uongo kuanzia kadi ya kliniki. Njia ya mwongo ni fupi. Siku moja mtu wa Mwanjelwa uliyegombana naye kwa deni la vitenge atamwambia kijana wako, mbele ya wenzake, kwamba alinunuliwa.

Kuasili mtoto si aibu, na kwetu kuna njia yake iliyo wazi. Sheria ya Mtoto ya 2009 imeieleza. Unaanzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Atakuja nyumbani, ataona mnalala wapi na mnakula nini, atawahoji majirani. Mtoto huanza kukaa kwenu kwa malezi ya kambo, wakiwaangalia, kisha shauri linapelekwa Mahakama Kuu, na Mbeya mna kanda yake hapo hapo mjini. Mwombaji awe na miaka isiyopungua 25 na awe amemzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi, wewe unafaa. Lakini mwenye ndoa haombi kwa siri. Mnaomba pamoja, au mwenzako aridhie. Hata ukimzunguka mume wako, sheria itakurudisha kwake.

Tena umeandika kwamba hajali. Mwanamume asiyejali hakuletei mtoto nyumbani. Huyu anakuomba mumlee mtoto wa dada yake, kumbe kiu yenu ni moja, ila yeye amepata maji na wewe unayakataa kwa sababu kisima hukukichagua.

Nimeona jambo moja lililonisikitisha kuliko yote. Bei ya mtoto wa Karonga unaijua, na fedha ya kutanguliza umeitoa. Mtoto wa Tukuyu umemwandika mstari mmoja, na jina lake hukulitaja. Ana miaka sita, amemzika mama yake, baba hajulikani alipo, analala kwa bibi mzee ambaye naye anahesabu miaka yake. Huyo ndiye unayemwita mzigo.

Na mama mkwe wako unamwonea. Anayetia watu maneno humwambia mwanawe akuache atafute mwingine, na tunawajua wa namna hiyo, ofisi hii inapokea barua zao za machozi kila siku. Huyu alizika binti yake, na alichobakiziwa na huyo binti ni mtoto mmoja. Akatazama watu wote wa ukoo, akasema huyu alelewe na mkwe wangu wa Uyole. Mama mkwe asiyekupenda hawezi kukupa mjukuu huyo. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tusijifanye wageni wa kulea watoto wa marehemu. Utafiti wa taifa wa 2016/17 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya, mikoa iliyoongoza nchi nzima. Nenda Makete, nenda Rungwe, utakuta bibi wa miaka sabini anafua sare za wajukuu na kuanika viatu vya shule juani ili Jumatatu wasichekwe. Hakuna aliyemfanyia sherehe. Kule Tosamaganga, Iringa, masista wanalea watoto wasio na mtu. Kuzaa si kazi, kazi kulea. Wanawake wa huku wameifanya kazi hiyo kwa vizazi bila kumdanganya mtu.

Ndoa za siku hizi zimeingiwa na ugonjwa wa kuonyesha. Binti anafundwa kitchen party namna ya kupamba chumba, hafundwi afanye nini miaka ikipita na kitanda cha mtoto ni kitupu. Akishika mimba, tumbo lazima lionekane kwenye simu za watu. Asiposhika, anaona hana pa kusimama. Wazee wetu nao sitawasafisha, maana mwanamke asiyezaa alirudishwa kwao na ng'ombe wakadaiwa. Lakini angalau mtoto wa ndugu alihesabiwa mtoto kamili, akapewa sahani na ugomvi sawa na wengine. Leo watu wanataka mtoto wa kuonyesha aliyefanana na picha zao. Mume mwema anakaa pembeni anasubiri mke wake aache kuishi kwa macho ya majirani. Wanaume nao wapo wanaokataa kupimwa kwa miaka, wanamwachia mke alaumiwe, na hao siku nyingine nitawafikia.

Hilo la kupimwa nalo sikuliona kwenye barua. Miaka 34 si mwisho. Mbeya mna hospitali ya rufaa ya kanda, na kitengo chake cha Meta kwa mambo ya uzazi. Nendeni wote wawili, mkae benchi moja, muulize kwa nini mimba zilitoka. Kumlea mtoto wa wifi yako hakukuzuii kuzaa.

Fanya hivi. Kwanza, mwombe mume wako radhi kwa yale ya kanisani, usiku huu, kabla ya kumweleza uchungu wako tena. Kisha mtafute mmoja wa wale akina mama, mwenye kifua cha kutunza jambo, umwambie kweli. Yeye atajua namna ya kuituliza habari kwa wenzake. Jumamosi pandeni wote wawili Tukuyu. Usiende kuchukua mtoto siku hiyo. Nenda ukamjue, ukae jikoni na mama mkwe, uulize mtoto anapenda kula nini na anaogopa nini. Mkikubaliana, msiishie kwenye kikao cha ukoo. Nendeni ustawi wa jamii na baadaye mahakamani, baba yake atafutwe kwa njia halali, ili kesho asitokee mtu wa kumnyang'anya mtoto nyumba na duka kwa kusema hakuzaliwa na ninyi. Aliyeasiliwa kisheria anarithi kama wa kuzaa.

Laki tano ile ihesabu imekwenda. Usimfuate huyo mtu Karonga kuidai, na usimtumie hata shilingi nyingine akikwambia mtoto ameshazaliwa. Namba yake na ujumbe wake usivifute. Mwende navyo, wewe na mume wako, dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, mkaeleze yote kama yalivyo, maana huenda yupo mama wa Karonga ambaye mtoto wake bado yuko tumboni.