Simu begani, sindano kidoleni

Ilikuwa Julai, asubuhi ya ile baridi ya Mbeya inayofanya vidole viwe kama vya kuazima. Nashona sare ya shule hapa Mwanjelwa, simu nimeibana begani, tunabishana na mteja kuhusu hela ya kitambaa. Binti ninayemfundisha, aliyekuwa pembeni anakunja pindo, akasema: "Dada, cherehani inalia vibaya." Yeye wa mbali kasikia. Mimi mguu uko kwenye pedeli, mkono kwenye kitambaa, sina habari. Kabla sijageuka sindano ikakatika, ncha ikabaki kidoleni. Zahanati wakanichoma nyingine, ya pepopunda.

Fundi yeyote anajua sindano butu inavyojitangaza. Mlio unakuwa mzito, pu-pu-pu, na kitambaa kinashtuka chini ya vidole. Dalili moja peke yake ni ndogo, unaipuuza. Zikija kwa pamoja, ubongo unazishika kama habari moja. Si ajabu, maana sauti na mguso vyote ni mtikisiko: sikio linapokea wa hewa, ngozi inapokea wa kitu ulichoshika.

Mwaka 1998 watafiti wawili wa Finland, Jousmäki na Hari, waliwafanya watu wasugue viganja huku wakisikia mlio wake kwenye hedifoni. Sauti zile nyembamba zilipoongezwa nguvu, watu walihisi ngozi yao imekauka kama karatasi. Viganja vilevile! Mlio ulipocheleweshwa kidogo, hali hiyo ikapungua.

Sehemu ya mchanganyiko huo wa sauti na mguso inajiendea yenyewe, lakini si yote. Majaribio mengine yameonyesha kwamba macho yakipewa kazi ngumu, mtu anaweza asihisi kabisa mguso mwepesi mkononi. Mimi sikuwa kiziwi wala sikufa ganzi. Akili ilikuwa kwenye hela.

Kwa hiyo, wewe unayeanza ufundi, redio sikukatazi ukiwa unanyoosha mshono wa shuka. Simu ndiyo mbaya, kwa sababu inadai majibu. Ukifika kwenye zipu, kola, au pale kitambaa cha jinzi kinapokunjwa mara nne, mwambie mteja utampigia. Chukua kipande kimoja cha kitambaa, kishone kwa sindano mpya, kisha kwa butu, polepole, ukizungusha gurudumu kwa mkono na macho umefumba. Rudia hadi usiweze kudanganyika. Na asubuhi za baridi shika kwanza kikombe cha chai. Vidole vilivyoganda havina cha kuliambia sikio.

Yule binti sasa ananizidi. Juzi kaniambia bobini inakaribia kwisha, nikambishia. Nilipofungua, uzi ulikuwa umebaki wa kushonea kifungo kimoja.