Dalali wa Bima Anajibu: Maswali Kutoka Kirumba Hadi Igoma

Majibu haya ni ya jumla, maana mikataba yenu sijaiona. Kabla hujaamua lolote, leta karatasi yako tuisome pamoja.

Duka langu la jumla lina mzigo wa milioni 40. Nilikata bima ya moto ya milioni 20 ili nilipe ada ndogo. Likiungua, si nitapewa hizo 20? (Mama wa duka, Kirumba)

Zitatoka zote 20 kama mzigo wote umeteketea, mama. Lakini moto mara nyingi huunguza upande mmoja, na hapo ndipo watu wanapolia. Mikataba mingi ya moto ina kipengele cha wastani: ukikatia nusu ya mali, unalipwa nusu ya hasara. Umeunguliwa mzigo wa milioni 10, unapata milioni 5, tena kabla ya kutoa kile kiasi cha kwanza unachotakiwa kubeba mwenyewe. Inaniuma kila ninapomweleza mtu jambo hili akiwa amesimama kwenye majivu.

Halafu kuna ushahidi. Mteja wangu mmoja daftari lake la mzigo lililoweshwa na maji ya zimamoto. Tulikaa naye sakafuni tukizibandua kurasa moja moja kwa wembe, wino umeshasambaa, namba 3 na 8 hazitofautiki. Piga picha daftari na risiti kila mwisho wa mwezi, umtumie dalali wako au ndugu anayeishi kwingine. Na ukijaza stoo kwa ajili ya sikukuu, tuambie mapema tupandishe kiwango.

Nina bima ndogo ya bodaboda. Nikigonga gari la mtu, na pikipiki yangu inatengenezwa? (Dereva, Igoma)

Hapana, kaka. Bima ndogo inamlipa uliyemgonga. Chombo chako ni juu yako. Ninachokuomba zaidi ni kuangalia imeandikwa matumizi gani. Ukikata ya matumizi binafsi huku unabeba abiria wa kulipia, kampuni ina sababu ya kukukatalia. Na stika uliyouziwa kijiweni ihakiki leo kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, kwa namba ya usajili, kwa sababu za bandia zipo.

Mtumbwi wangu wa dagaa nimeukatia bima. Injini imeibwa usiku mwaloni. Nitalipwa? (Mvuvi, Ukerewe)

Pole sana. Fungua mkataba utafute mambo mawili: kama injini imetajwa kwa namba yake, na kama wizi umeingizwa. Mikataba mingi inataka pia injini iwe imefungwa kwa kufuli, na mwizi awe ameivunja. Kama kufuli iliyokatwa bado unayo, usiitupe. Toa taarifa polisi na kwa kampuni leo hii, usingoje kurudi Mwanza.

Kampuni inanizungusha miezi sasa. Niende wapi? (Mwenye daladala, Buzuruga)

Acha kupiga simu, andika barua. Taja namba ya mkataba na tarehe ya ajali, wakugongee muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Wasipokujibu vya kuridhisha, ofisi ya TIRA Kanda ya Ziwa iko hapa hapa Mwanza, na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Kote huko utaulizwa nakala ile yenye muhuri.