Re: Mtu wa mkono wa kulia anunue gongo la kushoto?

Mkuu, umeuliza mbona mwanao anaandika kwa kulia lakini kwenye hoki ya barafu anashika gongo kikushoto, kama ni kosa. Sio kosa kabisa. Gongo linaitwa la kushoto kwa sababu bapa (ile sehemu pana ya chini ya gongo) liko upande wa kushoto wa mwili, mkono wa kushoto uko chini na wa kulia uko juu kwenye ncha. Sasa ule wa juu ndo usukani, ndo unaozungusha bapa, na ukitaka kunyoosha gongo kwa mkono mmoja umnyang'anye mtu unabaki na huohuo, so mkono wenye akili, ule anaoandikia, kukaa pale inaleta maana tu. Wayne Gretzky mwenyewe, yule nguli wa hoki ya barafu, anaandika kwa kulia na alicheza kushoto, na NHL (ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada) wanaocheza kushoto ndo wengi wakati watu wengi duniani ni wa kulia, piga hesabu.

Wengine wanapenda mkono wenye nguvu ukae chini kwa ajili ya shuti, nao wako sawa. Mpe gongo bila kumwelekeza uone atalishikaje, nunua hilohilo. Ila akihamia hoki ya nyasini hakuna kuchagua, magongo yote ni ya kulia, sheria ndo inasema.